Nani anatumwa leo, na nani anamtuma? Dhana potofu kuhusu wamisionari

Nimekaa kwenye kamati ya misheni ya kanisa muda wa kutosha kuona kwamba vijana wengi wenye wito wa kwenda hawakwami kwa kukosa imani. Wanakwamishwa na mawazo ya sisi tunaobaki. Kijana anasimama mbele ya ushirika, anaeleza kwamba Mungu anamtuma kwa watu ambao hawajasikia Injili, na kabla hajaketi minong'ono imeanza: kwa nini yeye, nani atamlipa, na kwani wale wazungu wameacha kutuma? Maswali haya yana majibu, na sehemu kubwa ya majibu hayo imo kwenye historia ya kanisa lenyewe.

Dhana: Mmisionari ni mtu wa Ulaya au Marekani anayekwenda Afrika na Asia

Mwaka 1910 wajumbe wapatao 1,200 walikutana Edinburgh, Scotland, kupanga namna ya kuipelekea dunia nzima Injili. Karibu wote walitoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Waasia hawakufika ishirini, na Mwafrika mweusi ilikuwa kazi kumwona. Wakati ule Wakristo wanne kati ya kila watano waliishi upande huo wa dunia, kwa hiyo picha hiyo ilikuwa na sababu zake.

Sasa tazama hesabu ya mwaka 2020 iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Pew: karibu asilimia 31 ya Wakristo wote wako Afrika kusini mwa Sahara, na Ulaya imebaki na asilimia 22 hivi. Marekani bado inatuma wamisionari wengi kuliko nchi nyingine yoyote, lakini Korea Kusini, Brazil, India na Nigeria nazo zinatuma, tena si kwa majaribio. Shirika la misheni la CAPRO lilianzishwa na vijana huko Nigeria mwaka 1975, na leo watumishi wake wako katika nchi nyingi. Wapo pia wanaokwenda London na Berlin, kwenye miji ambayo zamani ndiyo ilikuwa ikituma.

Tena picha ile ya zamani haikuwahi kuwa kamili. George Liele alizaliwa mtumwa Marekani, akapata uhuru wake, akafika Jamaika mwaka 1783 na kuanza kuhubiri kwa watumwa wa huko. Hiyo ni miaka kumi kabla William Carey hajakanyaga India, ingawa Carey ndiye tunayemwita baba wa misheni za kisasa. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kwenda Boga, Kongo, mwaka 1896. Alipigwa, akasingiziwa mauaji, akafungwa, kisha akaachiliwa na kurudi palepale. Uzeeni alikuwa bado anaingia msituni kwa Wambuti. Watu kama hawa walikuwepo siku zote; majina yao ndiyo hayakuandikwa kwenye vitabu tulivyosomeshwa.

Dhana: Kanisa maskini halina uwezo wa kutuma, lisubiri kwanza listawi

Dhana hii inaniuma kuliko zote, maana imewafunga watu wema kwa miaka mingi. Wanaoiamini nawaomba waitazame Mizoram, jimbo dogo la milimani kaskazini mashariki mwa India. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu huko watu milioni moja na kidogo tu. Wamizo walipokea Injili mwishoni mwa karne ya 19, na leo ni kati ya watu wanaotuma wamisionari wengi kwa kulinganisha na idadi yao.

Siri yao iko jikoni. Mama anapopima mchele wa kupika, kabla haujaingia chunguni anachota konzi moja na kuiweka kwenye chombo cha pembeni. Mlo unaofuata, hivyo hivyo. Desturi hiyo inaitwa *buhfai tham*, na ina zaidi ya miaka mia moja. Mchele ule hukusanywa nyumba kwa nyumba, hupelekwa kanisani, huuzwa, na fedha yake huingia kwenye kazi ya Bwana, umisionari ukiwemo. Iliasisiwa na akina mama ambao hawakuwa na mshahara wala shamba la ziada. Walikuwa na chungu, na mkono.

Ninachokipenda hapa ni kwamba konzi haingoji mavuno mazuri wala mgeni maalumu wa kuja kuhamasisha. Mtu anatoa kila anapopika, na kila anapotoa anamkumbuka aliyetumwa. Kwa mmisionari aliye mbali, sadaka ndogo inayofika kila mwezi ina nguvu kuliko bahasha nene ya siku ya kumuaga, kwa sababu kodi ya nyumba haidaiwi mara moja tu.

Dhana: Shirika lake linamlipa mshahara

Baadhi ya madhehebu na mashirika hulipa. Mengi hayalipi. Mmisionari mpya hupewa bajeti na kuambiwa atafute wabia, yaani watu na makanisa watakaoahidi kumtegemeza kila mwezi, na haondoki mpaka ahadi zifikie kiwango kilichowekwa. Wasioijua bajeti hiyo huiona kubwa mno. Ndani yake kuna nauli na viza, bima ya afya, mwaka mmoja au miwili ya kujifunza lugha kabla hajaweza hata kuhubiri, ada za watoto, akiba ya uzeeni, na gharama za ofisi inayopokea na kutuma fedha. Sarafu ya nyumbani ikishuka thamani, posho yake inapungua bila mtu yeyote kuvunja ahadi.

Dada mmoja tuliyemtuma aliporudi likizo alinionyesha daftari lake. Upande wa kushoto aliandika majina ya walioahidi, na mbele ya kila jina kuna visanduku vya miezi kumi na miwili. Mwezi wa kwanza karibu vyote vilikuwa na alama ya vema. Kufikia mwezi wa saba ukurasa ulikuwa mweupe. Jina langu lilikuwepo, na baada ya mwezi wa tano mbele yake hapakuwa na kitu. Hakulalamika. Alisema tu kwamba kilichomuumiza zaidi ni barua zake za maombi kutojibiwa, kwa sababu fedha ikikosekana mtu hupunguza matumizi, lakini ukimya hana cha kuufanyia.

Dhana: Anayefanya kazi ya kipato si mmisionari kamili

Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila. Wamisionari wawili wa kwanza wa kanisa la Moravian, waliotumwa mwaka 1732 kwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, walikuwa mfinyanzi na seremala. Carey mwenyewe alisimamia kiwanda cha nili huko Bengal. Leo nchi kadhaa hazitoi kabisa viza ya mmisionari, lakini zinamhitaji mwalimu, muuguzi, mhandisi. Ila tusiitumie hoja hii kumkwepa mtu: Paulo huyohuyo alipokea misaada ya Wafilipi kwa shukrani, na aliwaandikia Warumi akitumaini wangemsafirisha mpaka Hispania.

Dhana: Akirudi mapema, ameshindwa, au hakuitwa

Wengine hurudi kwa sababu zisizozuilika, kama ugonjwa, au nchi kuwafungia milango. Wengi wa waliobaki hurudi kwa mambo ambayo kanisa lao lingeweza kuyashika: ugomvi na wenzake wa timu usio na mpatanishi, mtoto aliyekosa shule, uchovu ambao hakuna aliyeuuliza. Tunamwekea mikono siku moja, kisha tunamwachia mizigo ya miaka kumi.

Carey alipokuwa anajiandaa kwenda India, rafiki yake Andrew Fuller alilinganisha safari ile na kushuka kwenye mgodi wenye kina kirefu ambao haujawahi kuchunguzwa, naye Carey akawaomba wenzake waliobaki washike kamba. Fuller aliishika kuanzia 1792 mpaka alipofariki mwaka 1815: akizunguka kuomba michango, akiandika barua, akiitetea misheni kila iliposhambuliwa. Hakuwahi kufika India.

Kamati yetu sasa haimuagi mtu mpaka tumpate mmoja wa kushika kamba yake kwa jina: wa kumpigia simu kila wiki mbili, wa kumuuliza habari za watoto kabla ya habari za kazi, na wa kupita kwa wabia ahadi zinapolegea. Wa dada yule wa daftari ni mimi.