Dirisha la dharura kwenye karavani ni dirisha gani?

Karavani ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari: kitanda, jiko, kabati, pengine na choo. Dirisha la dharura ni lile moja, aghalabu upande wa kitanda, lililotengenezwa lifunguke lote ili mtu atokee hapo mlango ukizibika. Kwa kawaida limeshikwa juu na bawaba ndefu, na chini lina makomeo mawili, mara nyingi mekundu. Unayageuza, unasukuma, kioo na fremu yake vinanyanyuka kwenda nje. Halidai ufunguo wala bisibisi.

Haja yake utaiona ukiingia kwenye karavani za Marekani za miaka ya 1950 na 1960. Nyingi zina mlango mmoja tu ubavuni, jiko la gesi liko hatua chache kutoka hapo, kitanda kiko mwisho kabisa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hujikusanya sakafuni ikingoja cheche. Kuta za ndani ni plaiwudi nyembamba iliyopakwa vanishi. Moto ukianzia jikoni, aliyelala kule nyuma keshakatiwa njia.

Madirisha mengine hayamsaidii. Mengi ya enzi hizo ni ya luva, vile vioo vya vipande tunavyovijua kwenye nyumba za zamani za Moshi: upepo unapita, mtu hapiti. Nyundo ya kuvunjia kioo nayo ni ya basi, ambako kioo cha pembeni husagika kuwa punje. Karavani nyingi za Ulaya zina madirisha ya plastiki ngumu. Ukiyagonga, nyundo inadunda tu.

Mimi jambo hili lilinikaa kichwani kwenye gereji moja ya Unga Limited, Arusha. Fundi alikuwa anafufua karavani kuukuu ya aluminiamu, mteja anataka iwe chumba cha wageni shambani. Nikageuza makomeo, yakageuka vizuri. Nikasukuma dirisha: kama nasukuma ukuta. Mpira wa pembeni ulikuwa umeiva kwa jua na kugandana na fremu, na juu yake mtu alishazungusha silikoni ili mvua isiingie. Alizuia maji, akamzuia na mtu. Fundi alipitisha kisu cha mezani pande zote, polepole, mpaka mpira ukaachia kwa mlio kama wa gundi inayobanduka. (Ndiyo maana dirisha hili hufunguliwa mara kwa mara hata pasipo shida, na mpira wake hupakwa mafuta ya silikoni, si gundi ya silikoni.)

Alipomaliza akafuta jasho. "Kaka, hapa sasa tupige grili ya nondo. Si unaijua Arusha."

Nikamwomba kwanza aingie, alale kitandani, nifunge mlango, kisha atoke bila mimi kumsaidia. Akacheka, akaingia. Kichwa kilipita, mabega yakapita kwa kujikunja, kisha akakwama tumbo likiwa ukingoni, mikono inatafuta ardhi iliyokuwa mbali kuliko alivyodhani. Akarudi ndani, safari hii akatanguliza miguu. Akaruka, akajipangusa vumbi, akaliangalia lile dirisha kwa muda.

"Basi grili tuiweke kwenye yale ya luva," akasema.