Umbali wa anga na saa za safari: Entebbe hadi Dubai

Ukimuuliza mtu wa Kampala Dubai ni mbali kiasi gani, atakujibu kwa saa: "Saa tano na kitu." Yuko sahihi, ila saa hizo hazipatikani kwa kugawanya kilomita tu.

Umbali wa anga ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya viwanja viwili. Kwa kuwa dunia ni mviringo, njia hiyo ni kipande cha duara linaloigawa dunia nusu kwa nusu, ndilo duara kuu. Ramani ya ukutani hutudanganya hapa. Weka rula kutoka Dubai hadi Los Angeles, itakatiza Afrika Kaskazini na Atlantiki. Njia fupi ya kweli inapanda hadi karibu na Ncha ya Kaskazini.

Hesabu yenyewe huanzia kwenye pembe. Ukipima kutoka kitovu cha dunia, Entebbe na Dubai zimeachana kwa nyuzi 33.6 hivi. Kila nyuzi moja ni kilomita 111 juu ya ardhi. Zidisha, unapata kama kilomita 3,730.

Ndege kubwa ya abiria ikishatulia juu hukata kilomita 850 kwa saa, au zaidi kidogo. Gawanya: saa 4 na dakika 23. Mbona tiketi inazidi saa tano? Kwa sababu muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kule iendako. Humo mna kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda, kushuka na kusubiri zamu ya kutua, tena njia za anga hazinyooki kama uzi. Safari ikiwa fupi, nyongeza hii huimeza hesabu: Nairobi ni kilomita 520, kwa kugawanya ni dakika 37, lakini abiria hukaa ndani zaidi ya saa nzima. Upepo nao una sauti yake. New York hadi London ni kama saa 7, kurudi ni kama 8, maana huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi.

Kisha kuna saa za ukutani. Dubai imetutangulia kwa saa moja. Tuseme unaondoka 16:00 na kufika 22:15. Tofauti ni 6:15, lakini umesafiri 5:15. Ukirudi, unaongeza ile saa badala ya kuitoa.

Hapa nawasihi wanaosafiri mara ya kwanza: tiketi huanza kuhesabu usiku wa manane, si alfajiri kama sisi. 16:00 ni saa kumi alasiri. 03:00 ya Jumatano ni saa tisa usiku, na mwenye tiketi hiyo anatoka nyumbani Kampala Jumanne jioni.