VA za UPS hazihesabu dakika

Nimepokea tena ombi la bei linalosema: "Tunahitaji UPS ya VA 2000 ili simu zikae saa mbili umeme ukikatika." Naliandika jibu hapa ili safari ijayo nitume kiungo badala ya kubishana. UPS ni kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ule wa ukutani ukikatika. VA (volti-ampea) ni kipimo cha mzigo ambao UPS inaweza kuubeba kwa wakati mmoja. Muda umo kwenye betri, ambayo wauzaji wengi hawaitaji hata kwenye ankara.

Chukua UPS ya kawaida ya VA 650, ambayo wati zake halisi mara nyingi ni 360 hivi. Ukiifungua, aghalabu utakuta betri moja ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 7, yaani wati-saa (Wh) 84, za kubeba wati 84 kwa saa moja, za kwenye karatasi. Nasema za kwenye karatasi kwa sababu kiwanda hupima Ah hizo kwa kuitumia betri polepole kwa saa 20, ilhali sisi tunaikamua kwa dakika chache, na betri ya madini ya risasi kama hii ikikamuliwa kwa kasi hutoa pungufu sana. Kisha UPS yenyewe hula sehemu yake inapogeuza umeme huo kuwa wa volti 230. Ofisi yenye simu 12 za IP (zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta) zinazokula wati 4 kila moja, swichi ya PoE (inayounganisha simu hizo na kuzipa umeme kwa kebo ileile ya mtandao) inayokula 25 peke yake, ruta 10 na kifaa cha faiba 10, ina mzigo wa wati 93. Hesabu ya darasani itakupa dakika 54. Mimi humwahidi mteja 15, nikiomba Mungu zifike 20. UPS kubwa ikikaa zaidi, imekaa kwa sababu imewekewa betri zaidi, na zipo zilizoongezewa VA bila kuongezewa betri ya maana.

Kuna pia wanaoshikilia kwamba simu haihitaji UPS. Ile ya waya wa shaba haikuhitaji, kwa kuwa ilipata volti 48 kutoka kituo cha simu. Ya IP hulishwa na swichi kupitia kebo ya mtandao, na swichi ikizima, nayo imezima. UPS iliyo chini ya meza ya mhasibu, isiyolisha swichi hiyo, haiisaidii kitu.

Vitabu huipa betri miaka 3 hadi 5, lakini hiyo ni kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hukata karibu nusu ya umri huo. Katika kabati lisilo na kiyoyozi hapa Dar es Salaam, mimi siiamini betri iliyopita mwaka wa pili. Wala siamini dakika zinazoonyeshwa kwenye kioo cha UPS, na jaribio lake la sekunde chache huipasisha betri iliyokwisha kuchoka. Ninachokiamini ni kuchomoa plagi ya UPS ukutani siku ya Jumamosi, simu zote zikiwa zimewashwa, na kushika saa.

Printa ya leza isichomekwe humo kabisa.

Na kabla ya kununua betri za ziada, muulizeni mtoa huduma kama kuna kisanduku cha faiba ghorofa ya chini kinachotegemea soketi ya kawaida ya jengo. Kikiwepo, kitazima umeme utakapokatika, na simu zenu zitaendelea kuwaka bila mtu kuweza kupiga nje.