Ukiingia kwenye makao ya wazee, anza na jagi la maji

Watu wakishajua kazi yangu ni kukagua makao ya wazee swali linakuwa lile lile, nitajuaje kama pale tunapompeleka mama ni pazuri? Wanategemea nitaje cheti, au idadi ya manesi. Mi naanzaga na jagi la maji. Likiwa limejaa mpaka juu saa tisa mchana maana yake hakuna aliyekunywa, na likiwa limewekwa kule dirishani wakati mwenyewe hawezi hata kujigeuza kitandani, nimeshajua mengi kabla sijafika ofisini.

Sasa angalia inavyoendaga. Mtu akizeeka kiu inapungua, mwili unaishiwa maji na yeye hasikii kitu. Juu ya hapo wazee wengi wanajinyima maji makusudi, maana wameshajifunza kwamba ukibonyeza kengele upelekwe chooni mtu anakuja baada ya nusu saa na aibu ishakupata. Kwa hiyo hanywi. Baada ya siku chache mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, maambukizi yanapata njia, na kwa mzee ugonjwa hauanzi lazima na homa au maumivu, mara nyingi unaanzia kichwani: jana alikuwa anakutania, leo anakuita kwa jina la dada yake aliyekufa na usiku anatafuta mlango atoke.

Hapo ndo pazuri na pabaya panapoachana. Pazuri mtu atasema huyu kabadilika ghafla, kuna kitu, anakunywa? anapata choo? kuna dawa mpya kaanzishiwa? Pabaya watasema ndo dimensia yake hiyo, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na jioni daktari anapigiwa simu aandike kitu cha kumtuliza. Dawa nyingi za kutuliza za aina hiyo ni zile za magonjwa ya akili, na kwa wazee wenye dimensia zinaongeza hatari ya kufa, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishatoa onyo hilo tangu 2005. Haya, ametulia. Anasinzia kwenye kiti kutwa nzima, hali, hanywi, usiku anaamka miguu haina nguvu anaelekea chooni peke yake, si kengele ile anaijua. Anaanguka, nyonga inavunjika. Ripoti inasema "alianguka saa nane usiku", kama vile mambo yalianza hiyo saa nane.

Na ukiambiwa hapa kwetu hajawahi kuanguka mtu, usifurahi haraka. Ama hawaandiki, ama watu wanakalishwa kwenye viti kutwa nzima wasisimame. Mi nampenda meneja anayeniambia mwezi huu wameanguka wanne, watatu wakielekea chooni, kwa hiyo tumebadilisha hivi na hivi.

Kitu kingine nachoangalia ni visigino. Kuna makao fulani nilipewa chati ya bibi mmoja, imejazwa vizuri mno, kila masaa 2 kageuzwa, kulia, chali, kushoto, wino ule ule, mwandiko ule ule usiku kucha. Nikamvua soksi. Kisigino kilikuwa cheusi kama lami. (Sitawacheka, na mimi nimewahi kujaza boksi la saa nane wakati ni saa kumi na moja alfajiri.) Kidonda cha kulalia kinaanza pale uzito wa mwili unapobana ngozi kwenye mfupa mpaka damu haipiti. Ukiona pekundu bonyeza kwa kidole kisha achia: pakipauka halafu rangi ikarudi, damu bado inapita, ila pasipobadilika hata kidogo hiyo tayari ni hatua ya kwanza ya kidonda. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, kwa hiyo tumia mkono, linganisha na ngozi ya pembeni, pana joto zaidi? pamekuwa pagumu au palaini kupita kawaida? pameiva rangi ya zambarau? Makalioni, nyonga, visigino, hata nyuma ya masikio kwa anayetumia mpira wa oksijeni.

Chakula nasema kwa kifupi tu: alishwe amekaa wima, mlishaji naye akae, asisimame juu yake na kijiko kama anajaza gunia. Na uzito upimwe kila mwezi, akipungua 5% ndani ya mwezi mmoja mtu aulize kwa nini.

Ukienda kutembelea, bonyeza kengele halafu angalia saa. Mara ya mwisho kufanya hivyo nilihesabu dakika 14, akaja kijana anakimbia, jasho linamtoka, anaomba samahani kabla sijasema kitu. Alikuwa peke yake na wazee 22 ghorofa nzima. Jina lake sikuliandika kwenye ripoti, niliandika hiyo 22.