Macho Yametokeza, Nyekundu Imefifia: Maswali Ninayoulizwa Kliniki ya Macho, Arua

Ugonjwa wangu ni wa tezi, na tezi iko shingoni. Umefikaje machoni?

Tezi ya thairoidi hutoa homoni inayoongoza kasi ya mwili. Katika ugonjwa wa Graves, kinga ya mwili huigeukia tezi hiyo na kuichochea itoe homoni kupita kiasi: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, unakonda na huku unakula. Kinga hiyohiyo hushambulia misuli na mafuta nyuma ya jicho. Vikivimba, mfupa unaozunguka jicho hautanuki, basi jicho linasukumwa mbele. Wengi wanaougua ni wanawake. Si kijicho cha jirani, wala si uchawi.

Ninunue dawa gani ya matone?

Usinunue. Uvimbe uko nyuma ya jicho, tone linaishia mbele. Matone ya kulainisha husaidia ukavu tu. Vile vichupa vya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, vinavyouzwa bila cheti cha daktari hupandisha presha ya jicho na vinaweza kuleta mtoto wa jicho. Na utomvu wa majani, tafadhali sana, acheni! Jicho lisilofumba vizuri limeshakauka. Ukilitia utomvu unalitafutia kidonda.

Nisubiri kwanza nione kama litarudi lenyewe?

Hapana. Dawa za kutuliza uvimbe hufanya kazi wakati bado unawaka, yaani miezi ya mwanzo. Ukishakauka na kuwa kovu, mara nyingi kinachobaki ni upasuaji.

Mama mmoja muuza nyanya alikuja na kichupa cha matone kwenye pindo la leso. Kilikuwa cha tatu, na miezi mitano ilikuwa imepita. Nilimfunika jicho la kulia, nikamwonyesha kifuniko chekundu cha chupa. “Kahawia,” akasema. Nikamfunika la kushoto. “Hiki ni chekundu!” Akanyamaza. Akafunika mwenyewe, akafunua, akafunika tena. Miezi yote hiyo hakuwa amejaribu jicho mojamoja, na macho yote mawili yakiwa wazi, zima huficha bovu.

Fanya hivyo leo. Nyekundu ikififia upande mmoja, huenda mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unabanwa. Hapo unakuja siku hiyohiyo. Si baada ya siku ya soko, si baada ya matanga, si mwisho wa mwezi. Tunaanza na steroidi za kuchomwa mshipani, na zikishindwa, daktari wa upasuaji hupanua nafasi nyuma ya jicho. Mshipa uliobanwa muda mrefu unaweza usirudi tena.

Ni kweli ugonjwa huu unakula ubongo?

Hauuli, lakini swali si la kipuuzi. Watafiti wamewapiga wagonjwa hawa picha za MRI, wakazilinganisha na za watu wenye afya. Kwa wastani, tabaka la kijivu la ubongo hupungua kidogo katika baadhi ya sehemu, zikiwemo za kisogoni zinazopokea habari za macho, na nyingine za hisia na umakini. Tofauti hizo huonekana kwenye kundi la watu, si kwenye picha yako peke yako, kwa hiyo usiuze mbuzi ukatafute MRI ya ubongo. Daktari akikuandikia picha ya matundu ya macho, hiyo usiikwepe. Inaonyesha kama mshipa umebanwa.

Jicho linalotuma picha hafifu, au mbilimbili, huubadilishia ubongo kazi yake, na homoni iliyozidi nayo inaugusa. Ndiyo maana wengi husahau ovyo na kukasirika haraka, halafu nyumbani wanaambiwa wamerukwa na akili. Hawajarukwa na akili. Huko Göteborg, Sweden, wanawake wenye ugonjwa wa Graves walipimwa: homoni ikiwa juu, sehemu za ubongo za kumbukumbu na hisia zilikuwa zimepungua, baada ya miezi 15 ya matibabu, zilikuwa zimeongezeka tena. Matibabu, si kusubiri.

Vidonge vya kabimazoli, vile vya kushusha homoni, nimeviacha, moyo umetulia.

Nani alikuambia uviache? Homoni ikipanda na kushuka ovyo, macho ndiyo yanaumia. Sababu ya kusimamisha na kukimbilia kliniki bila kungoja ruhusa ni homa au koo kuuma, kwa sababu dawa hii mara chache hushusha chembe nyeupe za damu. Upimwe damu siku hiyo.

Na sigara?

Acha. Huongeza hatari ya macho haya na kuyafanya yasisikie dawa. Moshi wa mume pia ni moshi.

Nianzie wapi?

Hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, kitengo cha macho. Wao ndio watakaokutuma hospitali kubwa za Mulago au Mbarara ikibidi. Ukifika mapokezi, usiseme tu “macho yananisumbua”, maana utapewa matone na kurudishwa nyumbani. Sema: “Macho yametokeza, na jicho hili halioni nyekundu vizuri.”