Mchoro wa vyakula ukutani ni mchoro wa namna gani?

Bakuli la matunda, mkate uliomegwa, glasi iliyonywewa nusu. Mchoraji akivipanga mezani na kuvichora jinsi vilivyo, bila mtu wala kisa, kazi hiyo huitwa mchoro wa vitu tuli. Waholanzi husema stilleven, maisha yaliyotulia. Wafaransa wanasema nature morte, maumbile yaliyokufa, jina ambalo kwangu mimi halivitendei haki vyakula vinavyotia mate mdomoni.

Kupamba ukuta kwa chakula si mtindo wa juzi. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi wa karne ya 1 KK, aliandika kwamba wenyeji wa Kigiriki waliwapelekea wageni wao kuku, mayai, mboga na matunda, na ndiyo sababu wachoraji waliziita picha za vitu hivyo xenia, yaani zawadi za wageni. Kuta za Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, zimekutwa na picha za aina hiyo. Kwa hiyo anayetundika mchoro wa matunda kwenye chumba cha kulia anafuata desturi ya ukarimu, hata kama yeye alichopenda ni rangi tu.

Si lazima chakula chenyewe kiwe kizuri. Kikapu cha matunda alichochora Caravaggio mwishoni mwa karne ya 16, ambacho sasa kiko Milan, kina tufaha lililotobolewa na mdudu, na baadhi ya majani yamekauka na kujikunja. Tundu lile dogo ndilo linalokufanya usimame. Pieter Claesz wa Haarlem, katika karne ya 17, alitumia rangi chache za kahawia na kijivu, kisha akaweka limau lililomenywa nusu, ganda likining'inia ukingoni mwa meza. Ajabu ni kwamba mwaka 1669 Mfaransa André Félibien, mwandishi wa mambo ya sanaa, aliiweka sanaa hii ngazi ya chini kabisa, eti huchora vitu visivyo na uhai wala mwendo.

Ukinunua mchoro wa hivi, au hata nakala iliyochapwa, angalia kwanza mwanga ndani ya picha unatoka upande gani. Ukiutundika mwanga huo ukatoka upande uleule na wa dirishani, tunda huonekana kama limewekwa pale sasa hivi. Na hata kama ni wa jikoni, usiukaribishe na jiko: mvuke na mafuta hugandamana juu yake, na kuyatoa ni kazi.