Yunifomu ya kazi si deni, ni amana

Msimu wa watalii unapokwisha hapa Malindi, kusi ikaanza kuvuma na hoteli za ufuoni zikafunga milango moja baada ya nyingine, kuna neno husikika kila baraza: deni. "Siendi kuchukua barua yangu, nina deni la yunifomu." "Pesa zangu za mwisho wamezizuia, ati nina deni la buti." Na ofisini nako karani hufungua daftari akamsomea kijana aliyesimama mbele yake kwamba anadaiwa mashati mawili, suruali mbili na tochi. Nani alimkopesha nani hapo? Neno limewekwa mahali si pake, na kwa kuwa kosa lenyewe linawapotezea watu pesa walizozitolea jasho, nimeona nisilinyamazie tena.

Maana haina urefu. Vifaa vya kazi ni kila kitu ambacho tajiri, yaani mwajiri, humkabidhi mfanyakazi ili kazi ifanyike: gwanda la mlinzi, aproni ya mpishi, buti, helmeti, funguo, beji, redio ya mawasiliano, simu na laini yake, pikipiki. Mfanyakazi huvitumia lakini mwenyewe ni tajiri. Kazi ikikoma, iwe mtu ameacha, amefutwa, mkataba umefika mwisho au msimu umefungwa, vinarudi kwa mwenyewe. Mpaka hapo hakuna anayebishana. Mabishano huanza tunapouliza vitu hivyo vilikuwa mkononi mwa mfanyakazi kwa jina gani, maana jina hilo ndilo huamua nani atabeba hasara kikipotea, kikiraruka au kikichakaa.

Jina lake ni amana.

Watu wa mwambao hatuna udhuru wa kulisahau neno hili. Tunalisikia kwenye hotuba za Ijumaa tangu utotoni. Limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa alifu, mimu na nuni, mzizi uleule uliotuletea amani, imani, amini na mwaminifu. Aliyepewa amana ni mtu aliyeaminiwa, na aliyeiweka amana ni mtu aliyetulia moyo kwamba chake kiko salama. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliitwa Al-Amin huko Makka kabla hajapewa utume, na watu walikuwa wakimwekea mali zao. Alipohama kwenda Madina mwaka 622, wakubwa wa Makka wakiwa tayari wamepanga kumuua, alimwacha nyuma Ali ibn Abi Talib azirudishe amana hizo kwa wenyewe. Nakileta kisa hiki kwa sababu kinagusa jambo letu moja kwa moja: mtu anaondoka, ameonewa waziwazi, na bado vitu vya watu vinarudi, tena kwa mkono wa mtu aliyemteua. Aya ya 58 ya Surat An-Nisaa inaamrisha hivyohivyo, amana zirudishwe kwa wenyewe, wala haikuweka sharti kwamba mwenyewe awe amekutendea wema.

Deni nalo ni neno la Kiarabu, lakini ukoo wake ni mwingine kabisa. Ukikopa sukari kwa jirani, sukari ile unaimaliza kwenye chai, na utakayompelekea kesho ni sukari nyingine ya kiasi kilekile. Ikimwagika njiani kabla hujafika kwako, hasara si yake, utamlipa tu. Hilo ndilo deni: kitu kinakuwa chako tangu ulipokipokea, na hatari yake inakuwa yako pamoja nacho. Amana haiendi hivyo. Kitu hakiwi chako hata saa moja, unarudisha kilekile ulichopewa, na kikiharibika bila kosa lako, hasara ni ya mwenyewe. Vitenzi vyetu wenyewe vinatoa ushahidi. Deni hulipwa, amana hurudishwa. Sijamsikia mzee yeyote wa hapa akisema ameilipa amana.

Nadhani mkanganyiko umechangiwa na benki, ambazo huziita amana zile pesa tunazoziweka, ilhali benki inazitumia pesa hizo na itakupa nyingine. Kisheria benki inadaiwa na wewe. Ndiyo maana Kenya kuna shirika la serikali la kuzikinga, linalomfidia mwenye akaunti hadi shilingi 500,000 benki ikifilisika. Kwa hiyo kwenye benki deni limevaa jina la amana, na kwenye stoo za hoteli zetu amana imevaa jina la deni. Maneno yamebadilishana nyumba.

Turudi kwenye yunifomu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani hii huyafuata, walilitatua jambo hili zamani: mkono wa mwajiriwa juu ya kitu cha kazi ni mkono wa amana, na hatozwi kitu ila akiwa amevuka mpaka au amepuuza. Kuvuka mpaka ni kukitumia kitu kwa jambo ambalo hukupewa kwalo, kama kuichukua pikipiki ya kazi ukaenda nayo harusini Mambrui. Kupuuza ni kutokilinda kama watu wanavyolinda vitu vyao, kama kuiacha redio juu ya kiti cha bodaboda ukaingia dukani. Kwenye hayo mawili utalipa, na ni haki ulipe. Nje ya hayo, hulipi.

Na asiyetaka fiqhi, yaani sheria ya dini, afungue Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, kinachoorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyafanya kwenye mshahara. Kuhusu mali iliyoharibika au kupotea, kifungu hicho kinaruhusu kukata kiasi cha haki pale ambapo uharibifu au upotevu umetokana na kosa la kusudi la mfanyakazi. Yasomwe maneno yote mawili. "La kusudi" maana yake haitoshi kwamba shati limeraruka; tajiri ana kazi ya kuonyesha kwamba mfanyakazi ametaka au ameacha makusudi liraruke. "Kiasi cha haki" maana yake, kwa ninavyoelewa mimi, buti zilizovaliwa mwaka mzima hazitozwi bei ya buti mpya dukani. Tena sheria hiyohiyo imeweka mpaka mwingine: makato yote ya namna hiyo yakijumlishwa, kwa wakati mmoja, yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Karani anayemwandikia mtu sufuri kwenye malipo ya mwisho kwa sababu ya gwanda amekwisha kuuvuka mpaka huo.

Hapo kuna jambo ambalo daftari za stoo haziliandiki kamwe, nalo ni uchakavu. Kuchakaa si kuharibu. Kaskazini ya Malindi, huko Gongoni na Ngomeni, kuna mashamba ya chumvi, na kazi yake hufanywa ndani ya maji makali. Zishike buti za mtu aliyefanya kazi huko msimu mzima uziangalie. Matundu ya kamba yamefanya kutu ya kijani, ngozi imekakamaa na kupasuka pale kidole kinapokunjika, na ukiupinda wayo kidogo unaachana na kiatu kuanzia kisiginoni, nyuzi zote zimeliwa. Hapakuwa na mtu aliyeziharibu buti hizo. Zimefanya kazi ziliyonunuliwa ziifanye, na zimeisha zikiifanya. Huko Lamu ni vivyo hivyo kwa mabaharia wa boti za abiria, ambao zipu za jaketi zao za kuokolea hung'ang'ania kwa chumvi mpaka zikakatika, na kwa mlinzi wa nyumba ya wageni Shela ambaye shati lake limepauka mabegani kwa jua. Ndiyo gharama ya kufanya biashara kando ya bahari, na biashara ni ya tajiri.

Ila nawaomba sana wafanyakazi: usilitupe gwanda bovu. Wengi huona shati limekwisha, wakaligeuza tambara la kupangusia boti au wakalitupa jaani, kisha siku ya kuondoka hawana cha kuonyesha. Amana hurudishwa ilivyo, hata ikiwa imebaki kola na vifungo. Lile tambara ndilo shahidi wako kwamba hukuliuza wala hukumpa mtu. Na tajiri ana sababu nzuri ya kulitaka hata likiwa bovu, maana lina nembo. Shati lenye nembo hufungua geti. Lamu iliishi chini ya amri ya kutotoka nje usiku baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014, na watu wa huko hawahitaji kuelezwa hatari ya mtu asiyejulikana kuvaa nguo za ulinzi. Kumwazima binamu gwanda la kazi, hata kwa siku moja tu, ni kuvuka mpaka kwa maana kamili ya fiqhi niliyoieleza juu.

Kuna pia wale ambao yunifomu yao si amana wala deni, ni mali yao. Yapo makampuni yanayomkata mtu pesa ya yunifomu kidogo kidogo tangu mwezi wa kwanza, mpaka bei yake ikatimia. Ukishakatwa bei yote umenunua, na kilichonunuliwa hakidaiwi tena mtu anapotoka. Tajiri anaweza kuomba nembo ibanduliwe, na ni ombi la busara, lakini hawezi kukitaka kitu alichokwisha kukuuza, sembuse kukukatia pesa mara ya pili. Na kama pesa uliyokatwa ilikuwa ya kurudishiwa, basi ile ni rehani: nguo ikirudi, pesa nayo irudi. Ziangalie karatasi zako za mshahara ujue ni ipi kati ya hizo, kabla hujabeba mfuko kwenda stoo.

Sasa upande ninaoujua kuwa mgumu kwa ndugu zangu. "Nimezishikilia buti na redio yao mpaka wanilipe." Nauelewa uchungu wake, mtu ana kodi ya nyumba na watoto wanaodaiwa karo. Lakini kitu ulichoaminiwa hakiwi silaha. Ukikizuia umejihamisha mwenyewe kutoka kwa mdai na kuwa mdaiwa, na sasa tajiri ana neno la kusema mbele ya afisa wa leba. Tofauti ya amana na deni inakulinda hapa kuliko ghadhabu: kwako kuna amana, kwa tajiri kuna deni. Mshahara wa siku ulizofanya kazi ndio deni la kweli katika jambo hili lote. Kifungu cha 18 cha ile Sheria ya Ajira kinasema hata aliyefutwa papo hapo kwa kosa halali atalipwa kila alichostahili mpaka siku ya kufutwa. Na hadithi ya Mtume inayotutaka tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka hakuna asiyeijua hapa mjini.

Hivyo rudisha kwanza, halafu dai. Nenda mchana, ofisini, usimwachie bawabu getini. Vitajwe kimoja kimoja na hali yake, mtu wa stoo atie sahihi na tarehe, na wewe ubaki na nakala, au angalau picha ya ukurasa ule kwenye simu yako. Simu ya kazi irudi na laini yake na nywila yake, picha zako za nyumbani ukiwa umekwisha kuziondoa, lakini namba za wageni na kumbukumbu za kazi uziache zilivyo. Ukiwa umehama au unaumwa, mtume mtu kwa barua.

Uliza pia cheti chako cha utumishi. Mtu aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi anastahili cheti hicho kwa kifungu cha 51 cha sheria hiyo, na mwajiri anayekinyima kwa kusudi au kwa uzembe anafanya kosa linaloweza kumtoza faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Cheti hakiuzwi kwa shati. Pakizuka ubishi, mlango wake ni ofisi ya leba, na baada yake Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kadhi hahusiki, yeye katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, hata kama nimezungumza kifiqhi muda wote huu.

Wenye hoteli na makampuni ya ulinzi, nanyi mna sehemu ndogo tu ya kurekebisha. Kwenye zile fomu zenu za kutokea kazini, pale palipopigwa chapa "Madeni ya mfanyakazi", andikeni "Vifaa alivyokabidhiwa". Kando yake ongezeni safu mbili, moja ya hali ya kifaa kilipotolewa na tarehe yake, nyingine ya hali kilivyorudi. Na neno madeni lisipotee bure. Literemsheni chini ya karatasi hiyohiyo, kwenye mstari wa mshahara ambao bado hamjaulipa.